Usiiandike upya wiki ya simu wakati watu wanaisoma

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, wakifungua kodi (msimbo wa programu) ya wiki tunayoitunza, yaani tovuti ambayo watumiaji wenyewe huihariri, swali lao la kwanza huwa hilohilo: "Kaka, hii si tuitupe yote tuandike upya kwa Vue?" Vue ni zana ya kisasa ya kujengea kurasa kwa JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, na hamu yao naielewa. Kuna `var self = this` kila faili, jQuery (maktaba ya zamani ya JavaScript) kila kona, na vigezo vya jumla ambavyo hakuna anayemjua aliyeviweka. Jibu langu ni hapana, kwa sababu zinazotokana na jinsi wiki inavyofanya kazi.

Yetu ni ya wakulima wa kahawa na parachichi. Inaendeshwa na MediaWiki, programu ileile iliyo nyuma ya Wikipedia, na upande wa simu tuna nyongeza ya MobileFrontend na sura ya Minerva, kisha juu yake kodi yetu wenyewe. Wasomaji wako Rungwe, Mbozi na Ileje, wengi kwa simu za bei nafuu na bando la kupimapima. Mtu aliyesimama shambani akitafuta habari za chulebuni, ugonjwa wa kahawa, anataka maandishi yafunguke, basi. Kwa hiyo kabla ya kugusa mstari wowote, zima JavaScript kwenye kivinjari uone kama ukurasa unasomeka na kisanduku cha kutafuta kinaleta majibu. Kila badiliko lipite hapo kwanza.

Kuhusu jQuery, watu wanajidanganya. Kwenye MediaWiki inapakiwa na mfumo wenyewe, maana moduli za msingi zinaitegemea. Ukibadilisha `$( '.sehemu' )` kuwa `querySelectorAll` ya JavaScript yenyewe, hujamwokolea mkulima hata kilobaiti moja. Iondoe, ndiyo, ila kwa sababu ya kweli: kodi isomeke na mgeni na majaribio yawe mepesi kuandika. Anayetaka kupunguza uzito afute. Sisi tulikuta kidude cha slaidi za picha kinapakiwa kila ukurasa, ilhali ukurasa pekee uliokihitaji ulishafutwa zamani. Kinachohitajika mara mojamoja kisubiri mtu abonyeze, ndipo ukiite kwa `mw.loader.using`.

Penye mtego mkubwa ni kache, yaani nakala zinazohifadhiwa ili ukurasa ufunguke haraka, na hapa nitakaa kidogo. HTML ya ukurasa, yaani maandishi na muundo wake, inaweza kukaa kwenye kache ya seva siku kadhaa bila kutengenezwa upya. JavaScript haisubiri hivyo: orodha ya matoleo ya moduli, ile ya `startup`, kwa kawaida hukaa kwenye kache dakika 5 tu. Maana yake ni kwamba kodi yako mpya itakutana na HTML ya siku kadhaa zilizopita. Ukibadilisha jina la klasi, lile ambalo kodi hulitumia kutafuta kitu ndani ya HTML, tuseme kutoka `kichwa-kunja` kwenda `sehemu-kichwa`, kwenye kompyuta yako kila kitu kitakwenda sawa, na huko Tukuyu vitufe vitakuwa vimekufa. Nenda kwa hatua: kwanza HTML itoe klasi zote mbili, na kodi iendelee kutafuta ya zamani. Subiri kache yote iishe muda. Ndipo kodi ihamie jina jipya, na la zamani lifutwe mwishoni kabisa. Inachosha, najua. Mwenye haraka akafanye kazi kwenye tovuti isiyo na wasomaji.

Kukunja sehemu za makala ndipo usasa wenyewe ulipotulipa. Zamani maandishi yaliyokunjwa yalifichwa kwa `display: none`, na mtu akitafuta neno ndani ya ukurasa kivinjari kinamwambia halipo. Sasa kuna `hidden="until-found"`, iliyoingia Chrome toleo la 102 mwaka 2022: kivinjari kikilikuta neno, sehemu inafunguka yenyewe. Sifa hiyo iwekwe na JavaScript, isiwe ndani ya HTML inayotoka kwenye seva, la sivyo asiye na JavaScript atabaki na vichwa vitupu.

Halafu kumbuka kwamba kwenye wiki si wewe peke yako unayeandika kodi. Kuna `MediaWiki:Minerva.js`, ukurasa wa wiki wenye JavaScript ya sura ya Minerva, na kuna kurasa za watumiaji zinazoishia na `.js`. Mama mmoja wa Vwawa alikuwa na skripti yake ya kupanga jedwali la bei za pembejeo, na ilitegemea kitendaji (function) chetu tulichokiona hakina kazi. Kabla ya kufuta kitu, tafuta jina lake kwenye kurasa hizo zote. Weka `mw.log.deprecate` ili onyo litokee kwenye konsoli, dirisha la kivinjari la watengenezaji programu, lakini usitegemee hilo: kwenye simu nani anafungua konsoli? Mwandikie mwenye skripti kwenye ukurasa wake wa majadiliano, umwekee na mstari mpya wa kubandika, na umpe muda kabla hujafuta.