Nimepata 9.59, nibadilishe niandike 9.81?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko diploma mwaka wa kwanza hapa Dar, tulifanya prakitiko ya pendulamu, uzi sentimita 50, mabembeo 20 yakachukua sekunde 28.7, kupiga kikokotoo g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ikaja 9.58575. Wenzangu karibu wote wameandika 9.81. Kwenye sababu za tofauti mi nimeandika "makosa ya kibinadamu", ila ripoti iliyopita niliandika hivyohivyo nikakatwa maksi. Nibadilishe namba?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiguse namba yako kabisa! Darasa zima kupata 9.81 kwa stopwochi za mkononi haiwezekani, na hiyo yenyewe ni ya nchi za mbali na ikweta, hapa Dar g ni kama 9.78, kwa hiyo waliopika wamepika hata jibu lisilo la kwetu.

Sasa niambie, hizo 50 ulipima mpaka wapi? Wengi wanaishia pale uzi unapogusa gololi wakati urefu unatakiwa ufike katikati ya gololi. Kama ina kipenyo cha sentimita 2 basi urefu ni 51, piga tena hesabu uone, inakuja 9.78. Lakini usidhanie, rudi maabara ukaipime gololi kwa venia (kile kifaa cha kupimia kipenyo), na ukikuta ndo hivyo andika wazi kwenye mjadala kwamba kipimo cha kwanza kiliacha nusu kipenyo na matokeo yakashuka kwa kiasi hiki. Hiyo ndo sababu inayopewa maksi, maana "makosa ya kibinadamu" haimwambii msahihishaji kosa liko wapi, ni kubwa kiasi gani wala limesukuma jibu juu au chini.

Halafu hizo desimali tano umezitoa wapi jamani? Mkono wako unachelewa kama sekunde 0.2 kubonyeza, kwenye 28.7 hiyo ni asilimia 0.7, na kwa kuwa muda unapigwa kipeo cha pili inakuwa 1.4, kwa hiyo jibu la vipimo ulivyonavyo ni 9.6 ± 0.1, basi. Ndo maana tunahesabu mabembeo 20, ungepima moja tu kosa lingefika asilimia 14 ya muda.

Ukipata nafasi chukua urefu tofauti kama sita hivi uchore grafu ya muda wa bembeo moja kipeo cha pili dhidi ya urefu, uzuri wake hata ukisahau gololi mteremko hauharibiki, mstari tu ndo haupiti sifuri.

Mengine madogo ila yanakula maksi: yuniti kwenye vichwa vya jedwali, na njia usiinakili kutoka kwenye mwongozo wa maabara na "funga uzi" zake, wewe ulishafanya, andika "uzi ulifungwa". Ufupisho (abstract) unakaa mbele lakini uandike mwisho kabisa, na namba ya g iwe ndani yake.