Asilimia 30 iliyoniumbua: niliyojifunza kuhusu kolamu za kukokotoa

Mhasibu alinisubiri nimalize. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu kama kumi na wawili, dashibodi yangu, yaani ukurasa wangu wa chati, ikimeremeta ukutani, nikieleza kwamba wastani wa faida yetu ni asilimia 30. Mama yule akaweka kikokotoo chake cha mkononi mezani, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo 30 umeitoa wapi? Mbona mimi napata 14?"

Nikamjibu nimeitoa kwenye data. Jibu la kijinga, maana naye aliitoa kwenye data ileile.

Kosa lilikuwa kwenye kolamu moja ya kukokotoa. Kwa asiyeijua, hii ni kolamu ambayo haikuja na data. Unaiongeza mwenyewe ndani ya programu ya kuchora chati kwa kuandika fomula, na programu inaijaza mstari kwa mstari. Una kolamu ya mauzo na ya gharama, unaandika mauzo toa gharama, unapata kolamu ya faida. Kazi ya dakika moja, na ndiyo sababu wengi wetu tunaizoea kabla hatujaielewa.

Niipunguze hesabu ile ibaki mistari miwili. Wa kwanza: mauzo 1,000, faida 500. Wa pili: mauzo 9,000, faida 900. Kolamu yangu iligawanya faida kwa mauzo katika kila mstari, ikaandika asilimia 50 na asilimia 10. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulianza nilipoiburuta kolamu hiyo kwenye chati na kuiagiza programu itafute wastani. Hamsini na kumi, gawa kwa mbili, thelathini. Lakini mstari wa asilimia 10 ndio uliobeba karibu mauzo yote! Jumla ya faida ni 1,400, jumla ya mauzo 10,000, kwa hiyo ni asilimia 14. Mhasibu alijumlisha kwanza ndipo akagawanya. Mimi niligawanya kwanza.

Siku hizi, kabla sijaandika fomula, najiuliza: jibu hili ni la mstari au ni la kundi? Faida ya muamala mmoja ni ya mstari. Mwezi uliochomolewa kwenye tarehe ni wa mstari. Kumwita mteja "mdogo", "wa kati" au "mkubwa" kwa kiasi alichonunua katika muamala huo, ni la mstari pia. Hayo yaweke kwenye kolamu bila wasiwasi. Asilimia, wastani, uwiano, mchango wa bidhaa kwenye jumla, hayo ni ya kundi, na kundi hubadilika kila mtazamaji anapobofya kitu kwenye ripoti.

Kila programu ina njia yake ya kutenganisha mambo haya. Power BI imeyapa majina mawili: kuna kolamu, halafu kuna kipimo. Kolamu hukokotolewa data inapopakiwa au kuhuishwa, yaani kuletwa upya kutoka kwenye chanzo chake, kisha majibu yake yanahifadhiwa na kuchukua nafasi kwenye kumbukumbu. Kipimo hakihifadhi majibu. Hukokotolewa papo hapo kwa kufuata vichujio alivyochagua mtazamaji, yaani machaguo yake ya data ipi ibaki kwenye ripoti. Kwenye Tableau tofauti imo ndani ya fomula yenyewe. Ukiandika [Faida] / [Mauzo] unagawanya kila mstari. Ukiandika SUM([Faida]) / SUM([Mauzo]) unagawanya majumla. Ukichanganya mitindo hiyo miwili katika fomula moja inakugomea. Wanaoanza hukichukia sana kile kigomo. Mimi nimekuja kukipenda, kwa sababu kinakusimamisha mahali ambapo programu nyingine zingekuacha upite na jibu baya. Kwenye Spotfire nako, kolamu ya kukokotoa haitikiswi na vichujio, ila fomula unayoiandika kwenye mhimili wa chati inavifuata.

Hilo la vichujio liliniuma mara ya pili. Nilitengeneza kolamu ya mchango wa kila bidhaa kwenye jumla, ikapendeza, zote zikifika 100. Mtu akachagua mwaka mmoja tu na zile asilimia zikakoma kufika 100, kwa kuwa kolamu ilikuwa bado inagawanya kwa jumla ya miaka yote. Haikujua kwamba kuna mtu amechuja, na haikupaswa kujua.

Tarehe nazo zina vituko vyake. Ukiweka TODAY() ndani ya kolamu ya Power BI ili kupata umri wa mteja au siku za deni, "leo" hiyo ni siku data ilipohuishwa mara ya mwisho. Data isipohuishwa wiki nzima, deni nalo linaacha kuzeeka wiki nzima. Halafu kuna DATEDIFF, fomula ya kutafuta tofauti kati ya tarehe mbili. Ukiiomba tofauti kwa miaka, haihesabu miaka iliyotimia; inahesabu mipaka ya mwaka iliyovukwa. Kutoka 31 Desemba hadi 1 Januari inakuambia mwaka 1, ingawa imepita siku moja. Ndivyo inavyofanya Power BI, na Tableau vilevile. Niliwahi kuwazeesha wateja kwa mtindo huo, na aliyegundua ni mtu aliyeiona siku yake ya kuzaliwa kwenye orodha.

Sehemu zilizo tupu ndizo ninazoziogopa zaidi, kwa kuwa hazipigi kelele. Chukua fomula ya bei kujumlisha gharama ya usafiri. Miamala ambayo haikusafirishwa haina kitu kwenye kolamu ya usafiri. Si sifuri, ni tupu. Tableau ikijumlisha 5 na tupu inakupa tupu, na muamala mzima unatoweka kwenye jumla yako kimyakimya. Power BI ikijumlisha 5 na tupu inakupa 5. Fomula ni ileile, majibu mawili. Kwenye Tableau nazifunga kolamu za namna hiyo kwa ZN, inayogeuza tupu kuwa sifuri, lakini nafanya hivyo baada ya kuuliza kama kweli tupu ina maana ya sifuri. Wakati mwingine maana yake ni kwamba mtu alisahau kujaza, na ukiweka sifuri umeandika uongo.

Kugawanya kwa sifuri ni rahisi zaidi: Power BI ina fomula ya kugawanya iitwayo DIVIDE, inayokuachia tupu pale alama ya kawaida ya kugawanya ingekupa alama ya kutokuwa na mwisho. Itumie, twende mbele.

Kuhusu mahali pa kuiweka kolamu yenyewe, kama itahitajika kwenye ripoti zaidi ya moja, usiiandike ndani ya ripoti. Ipeleke nyuma, kwenye hifadhidata au kwenye hatua ya kusafisha data. Nimeona ripoti tatu zenye kolamu ya "faida", na kila moja ilikuwa na fomula yake. Kila mwenye ripoti aliapa yake ndiyo sahihi.

Kabla ya kuonyesha chochote, sasa hivi natengeneza jedwali la kawaida lisilo na urembo: kolamu za asili upande mmoja, kolamu yangu mpya kando yake. Nachagua mistari michache nikihakikisha mmoja una tupu na mmoja una sifuri, naikokotoa kwa mkono.

Na ukishaandika kipimo sahihi, jiandae kwa malalamiko ya namna nyingine. Mtu ataona kwenye jedwali 50, kisha 10, kisha chini kabisa kwenye mstari wa jumla 14, atakuambia programu imeharibika. Haijaharibika, mstari ule haujumlishi yaliyo juu yake, unakokotoa upya kwa kundi zima. Mimi huziacha kolamu za faida na mauzo zionekane hapohapo kando ya asilimia, ili aone 1,400 na 10,000 kwa macho yake kabla hajanipigia simu.