Tredimili inasita ukikanyaga? Usinunue mota kwanza

Mkuu, kwa ulivyoeleza, tredimili yako, yaani mashine ya kukimbilia, ya mtumba hapo Tabata inazunguka vizuri ikiwa tupu, ila ukipanda inasita kila unapokanyaga, na fundi kashakwambia mota imekwisha. Mimi ninayo ya nyumbani Mbezi Beach miaka kadhaa sasa, naihudumia mwenyewe, na majirani wawili watatu huniita zao zikigoma. Kwa dalili hizo, mota ningeifikiria mwisho kabisa.

Chomoa waya ukutani, usiishie kuzima swichi tu. Subiri dakika kama kumi, maana kapasita (vipande vinavyotunza umeme) za kwenye bodi ya umeme hubaki na chaji hata umeme ukishatoka. Halafu fungua kava la mbele. Utaona mota, bodi, na mkanda mwembamba unaotoka kwenye mota kwenda kuzungusha rola ya mbele. Rudisha umeme, mtu apande atembee polepole, wewe chungulia kwa mbali. Mkono usiingie humo, na kama umevaa msuli au kanzu, kabadilishe kwanza.

Sasa angalia mguu unapotua. Mkanda wa kukimbilia ukisimama huku rola ya mbele inaendelea kuzunguka, mkanda huo umelegea. Rola nayo ikisimama huku mota inazunguka, kinachoteleza ni ule mkanda mwembamba. Vyote vikipungua mwendo kwa pamoja na mota ikaguna, hapo kuna msuguano mkubwa kwenye ubao ulio chini ya mkanda wa kukimbilia, au kweli mota ama bodi ina tatizo. Fundi aliyesema mota bila kufungua kava amekisia.

Mkanda wa kukimbilia uliolegea unakazwa kwa bolti mbili za nyuma, kila upande moja, kwa alenkii (ufunguo wa pembe sita). Kaza robo mzunguko kushoto, robo kulia, kisha jaribu. Usipitishe hapo kabla ya kujaribu tena. Katikati ya mashine unatakiwa uweze kuinua ukingo wa mkanda kama sentimita 5 hadi 7 hivi. Wengi hukaza mpaka mkanda unakuwa ngoma, halafu wanashangaa beringi za rola zinapoanza kulia. Mkanda ukihamia upande mmoja, kaza bolti ya upande huohuo robo mzunguko, uache uzunguke taratibu dakika chache urudi katikati. Ila kabla ya yote hakikisha mashine imekaa sawa sakafuni, kwa sababu mguu mmoja ukining'inia juu ya vigae utakuwa unarekebisha mkanda kila wiki.

Kwenye mafuta ndiko hela za watu zinakopotea. Mashine ikiwa imechomolewa, ingiza mkono chini ya mkanda wa kukimbilia, uguse ubao. Ukisikia utelezi kidogo, sawa. Ukiwa mkavu, huo msuguano wote mota inaubeba: inavuta ampea nyingi, inapata joto, bodi nayo inapata joto, mara swichi ya ukutani inaruka, mara harufu ya kuungua. Unabadilisha mota, ubao bado mkavu, na mota mpya inaanza kuelekea kulekule.

Mafuta yenyewe ni silikoni tupu, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mazoezi. Usiweke mafuta ya kula, wala oili ya gari, wala grisi, wala WD-40. Mafuta yanayotokana na petroli huharibu mkanda, na hayo mengine hunata vumbi yakawa tope. Inua ukingo wa mkanda, mimina kama kijiko kimoja cha chakula kila upande kuelekea katikati ya ubao, kisha tembea polepole dakika chache yasambae. Usizidishe, yakimwagika utateleza wewe. Mashine nyingi zinataka hivyo kila baada ya miezi mitatu kwa matumizi ya kawaida, lakini soma kitabu chake kwanza, maana baadhi ya mbao hutoka kiwandani zimepakwa nta na hazitaki mafuta kabisa.

Jambo jingine ambalo watu hawalitarajii: mtu mzito anayetembea polepole anaichosha mota kuliko anayekimbia. Mguu unakaa muda mrefu juu ya ubao, na mota ikizunguka taratibu feni yake nayo inapuliza kidogo. Kwa hiyo angalia uzito ulioandikwa kwenye mashine, na huyo mzee wa kutembea saa nzima apumzike katikati.

Kwa hapa Dar ongeza mambo mawili. Kwanza hewa. Sisi wa karibu na bahari tunakula chumvi, na wakati wa masika unyevu haukauki. Bolti zikishapata kutu hata kukaza huwezi. Usiiweke barazani. Futa jasho kila ukimaliza, na fyonza vumbi ndani ya kava mara kwa mara, hasa kama barabara yenu ni ya vumbi.

Pili umeme. Wetu ni volti 230. Kama mashine ilitoka Marekani, soma kibandiko, huenda ni ya volti 120, na hiyo inahitaji transfoma yenye uwezo wa kutosha. Ichomeke ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba hupata joto na kushusha volti. Umeme ukikatika, chomoa kabla haujarudi. Stabilaiza nzuri inasaidia, ila iwe kubwa kuliko wati za mota, ile ndogo ya friji haifai.

Mota nazo hufa kweli, sikatai. Lakini nyingi za nyumbani ni za kaboni, yaani zina vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota, na kaboni ikiisha mota hukatakata mwendo na kurusha cheche nyingi. Kubadilisha kaboni ni hela ndogo sana ukilinganisha na mota nzima, kwa hiyo mwambie fundi azitoe uzione kwa macho yako. Kama zimebaki fupi, zibadilishwe kwanza.

Ukishafungua kava, weka hapa picha ya kibandiko cha mota na useme ni kipi kilisimama kati ya mkanda, rola na mota, kabla hujatoa hata shilingi.