Ndiyo, nanunua duka la bei chee, na ada ya mdogo wetu inatoka humo humo

Wiki iliyopita mdogo wangu aliniona kwenye simu ya video nikipanga vitu jikoni. Akaona mfuko wenye maandishi ya Aldi, duka la chakula la bei chee la huku. Siku mbili baadaye akanitumia ujumbe wa sauti mrefu: kuna mtu pale mtaani aliyewahi kukaa Ulaya kamwambia lile ni duka la walalahoi, na vyakula vyake vimebakiza siku mbili vioze. Mwisho akauliza kwa upole, na ule upole ndio ulionigusa: "Dada, kwani maisha yamekushinda huko? Kama yamekushinda si useme?"

Hayajanishinda, mdogo wangu. Ila nimegundua kwamba miaka sita niliyokaa hapa Dortmund, Ujerumani, sijawahi kukaa chini niwaeleze hela yangu inaingiaje na inatokaje. Nimekuwa nikituma hela na picha. Kwa hiyo leo naeleza, na ninaandika badala ya kusema ili Mama asomewe pia, na shangazi, na yeyote mwenye ndugu huku anayejiuliza kama wewe.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, hilo mnalijua. Mshahara unaoandikwa kwenye mkataba ni yuro 2,600. Unaonifikia mkononi ni kama 1,820, kwa sababu kodi, bima ya afya, pensheni na michango mingine hukatwa kabla sijaiona. Kodi ya nyumba pamoja na joto la nyumba ni 690, na ni chumba kimoja na jiko. Umeme 55. Simu na intaneti 45. Tiketi ya mwezi ya mabasi na treni, ambayo ilianza mwaka 2023 kwa yuro 49, mwaka 2025 ilifika 58. Kuna na mchango wa redio na televisheni, 18.36 kila mwezi, ambao kila nyumba hulipa hata kama haina televisheni, na mimi sina. Ukishatoa hayo inabaki kama 950. Humo ndani kuna ninachotuma nyumbani, akiba ya tiketi ya ndege, viatu vya baridi, dawa, ada ya kibali cha kuishi, na chakula.

Sasa tazama: katika orodha yote hiyo, kipi ninaweza kukipunguza mwenyewe? Mwenye nyumba hapunguzi. Serikali haipunguzi. Kilichobaki mikononi mwangu ni kikapu cha chakula.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nakula yuro 340 kwa mwezi bila kujua. Nilikuwa mgeni wa taratibu za huku. Jumapili karibu maduka yote ya chakula Ujerumani hufungwa, ni sheria, na mimi nilizoea kwa Mangi, mlango wazi mpaka usiku. Nikitoka zamu Jumapili sina kitu ndani, nakimbilia duka dogo la stesheni, kwa kuwa ya stesheni huruhusiwa kufungua. Maziwa pale niliyalipia karibu mara mbili. Mkate vilevile. Siku nyingine nilinunua chakula kilichopikwa kwa sababu miguu iliuma. Hakuna anasa hata moja niliyoila katika hizo 340.

Kilichonizindua ni mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipoanza, mafuta ya alizeti yalitoweka kwenye rafu, yakarudi na bei mpya, na maduka yakaweka tangazo kwamba kila mteja achukue chupa moja au mbili tu. Mwenzangu kazini, mama wa Kipolandi mwenye watoto watatu, akanikuta nahesabu chenji kwenye chumba cha mapumziko. Hakusema kitu. Jumamosi akanichukua tukaenda naye Aldi, akanifundisha kusoma bei. Nasema kusoma kwa sababu chini ya bei kubwa kuna nyingine imeandikwa kwa herufi ndogo, bei ya kilo au ya lita, na duka linalazimika kisheria kuionyesha. Wewe linganisha hiyo ndogo. Paketi kubwa yenye rangi nzuri mara nyingi ndiyo ghali.

Huyo anayesema ni duka la walalahoi, nataka nimjibu kwa heshima, maana pengine na yeye aliambiwa. Aldi ilianzia hapa jirani, Essen, mwendo wa nusu saa kwa treni kutoka kwangu. Mama mmoja, Anna Albrecht, alikuwa na duka dogo mtaani tangu mwaka 1913. Baada ya vita kuu ya pili wanawe wawili, Karl na Theo, wakalishika. Hawakuwa na mtaji wa kujaza duka, basi wakauza vitu vichache vinavyotoka haraka. Wakaona faida ndogo kwa kila kitu, lakini kwa watu wengi, inalipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakagawana biashara kwa sababu hawakuelewana kuhusu kuuza sigara, ndiyo maana mpaka leo kuna Aldi ya kaskazini na ya kusini. Walikufa wakiwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa Ujerumani. Na Jumamosi asubuhi ukifika pale utakuta Mercedes zimeegeshwa, mwenye gari anasukuma toroli kama mimi. Wajerumani wenye hela hawaoni aibu kununua sukari mahali inapouzwa rahisi.

Unafuu wake hautokani na ubovu. Duka halina mapambo. Vitu havipangwi kimoja kimoja, katoni inachanwa mbele na kuwekwa hivyo hivyo. Mahali ambapo duka kubwa lina aina ishirini za tambi, hapa ni chache tu. Nyingi ni za jina la duka lenyewe, kwa hiyo hulipii matangazo ya televisheni. Wafanyakazi ni wachache, huyo huyo anayepokea hela ndiye anayepanga rafu na kusafisha. Mistari ya kusomea bei imechapwa kubwa na pande nyingi za paketi ili keshia asipoteze muda kuigeuzageuza. Ukifika kwake vitu vinapita kasi mpaka mgeni anachanganyikiwa. Unavirudisha kwenye toroli vyote, unalipa, halafu unakwenda pembeni kuvipanga kwenye mfuko. Mfuko umetoka nao nyumbani. Hilo nyie mnalijua, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, kabla ya hawa.

Nikuambie ninachonunua. Unga wa ngano, mchele, maharage makavu, vitunguu, karoti, kabichi, mayai, maziwa, mafuta. Unga wa sembe unapatikana duka la Waafrika, lakini bei yake ni ya kitu kilichovuka bahari, kwa hiyo siku za kawaida nasonga ugali kwa semolina ya ngano, ile ya chengachenga. Maji yachemke sana na mkono uwe mwepesi, maana inaganda ghafla. Rangi inakuwa ya manjano kidogo na ladha siyo ile, lakini inashika mboga. Bamia na mbuzi nafuata kwa Waturuki. Machungwa ni ya Hispania, yanakuja kwenye neti, matamu, ila ya kwetu Muheza siwezi kuyasahau. Siku moja nilikuta maua ya waridi karibu na kaunta yameandikwa yametoka Kenya, nikasimama nikayatazama muda mrefu. Yamesafiri kama mimi.

Kahawa imenishinda bei, nimepunguza. Hapa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa serikali inachukua kodi yake peke yake, yuro 2.19. Mama akisikia hilo, yeye aliyelelewa kwenye harufu ya kahawa ya jirani kila alfajiri, najua atashika kichwa.

Lakini kuku ndiye nitakayemweleza kwa kirefu. Kuku wa kawaida wa hapa ni laini, ukimgusa kijiko mnofu unaachia mfupa, na mchuzi wake hauna neno la kusema. Miaka mitatu nilikula kuku nikiwa na hamu ya kuku. Yule mama wa Kipolandi akanionyesha chini kabisa ya friza: kuku mzima aliyegandishwa, mkavu wa umbo, ameandikwa ni wa supu. Ni kuku wa mayai. Ametaga mpaka akachoka, ndipo akachinjwa. Wengi wa huku hawamtaki kwa sababu ni mgumu, na kwa hiyo anauzwa rahisi. Nikamchukua. Nikamchemsha kwa chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, moto mdogo, saa mbili na nusu. Mafuta ya njano yakapanda juu. Nikamalizia na tui la kopo. Harufu ilipojaa chumba nilifungua mlango wa jiko nikakaa chini sakafuni, kwa sababu ilikuwa ni jikoni kwa bibi Muheza, siku ya Idi, mimi na wewe tukigombea firigisi. Sasa kila Jumamosi ya pili namnunua mmoja. Ananitosha siku nne.

Kuhusu kuoza. Huku kuna tarehe za aina mbili na lazima uzitofautishe. Ya kwanza inasema kitu kitakuwa na ubora wake wote angalau mpaka siku fulani: mtindi, tambi, jibini, biskuti. Ikipita, unafungua, unanusa, unaonja. Ya pili iko kwenye nyama ya kusaga na kuku mbichi, inasema tumia kabla ya siku hii, na hiyo sivuki hata kwa saa moja. Duka likiona tarehe imekaribia, linabandika kibandiko cha kupunguza bei, mara nyingi asilimia 30. Mimi nanunua nyama ya kibandiko, naipika siku ileile. Mama alitulea hivyo hivyo. Nani hakumbuki alivyokuwa akitutuma soko la Mgandini jua likishuka, wakati wauza samaki wanataka kurudi nyumbani? Tulikula changu wa jioni, na hakuna mtu mtaani aliyemwambia Mama kwamba maisha yamemshinda.

Na chupa. Umewahi kuniona nimebeba gunia la chupa tupu ukauliza ni za nini. Kila chupa ya plastiki ya kutumika mara moja au kopo la kinywaji unaacha senti 25, kama vile kwetu unavyoacha hela ya chupa ya soda dukani. Ukizirudisha, mashine inazihesabu na kukupa karatasi ya kupunguza bei. Zangu ni chache. Wapo wazee, waliofanya kazi maisha yao yote katika nchi hii, wanaopita na tochi usiku wakizitafuta kwenye mapipa ya takataka. Ninawaona nikitoka zamu ya usiku. Hili nalo ni Ulaya, na halimo kwenye picha tunazotuma.

Kuna jambo moja nililowaficha, na sasa nalisema. Novemba 2021, mjomba alipofariki, nilituma hela yote niliyokuwa nayo ya mwezi. Nilitaka azikwe vizuri, na hilo sijutii. Lakini zilibaki siku tisa kufika mshahara na nilikuwa na mkate, siagi ya mimea na chai. Kazini nilikuwa nalisha wazee wa watu supu kwa kijiko, tumbo langu linanguruma. Mlinipigia simu siku ya arobaini mkasema nimenenepa, baridi imenikubali. Nikasema ndiyo. Nilikosea kusema ndiyo. Ningewaambia, najua Mama asingekubali nitume hata nusu yake.

Tangu nibadilishe duka, chakula changu ni yuro 180 kwa mwezi. Kutoka 340 mpaka 180 ni yuro 160. Zamani nilikuwa natuma 140 za Mama. Sasa natuma 300, na hizo 160 zilizoongezeka, zaidi ya laki nne za kwetu, ndizo ada ya mdogo wetu chuo cha uuguzi. Sikupandishwa cheo wala sikupata kazi ya pili. Ada hiyo imetoka kwenye semolina na kuku wa supu.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Mkiwa na shida niambieni mapema na mniambie kiasi kamili, msiseme "chochote utakachojaliwa," kwa sababu hapo mimi nabaki kukisia na nakisia juu. Simu yenye jina kubwa uliyoniomba, mdogo wangu, sitaiweza mwaka huu, na sitaki unisubirie. Na yule mtu wa mtaani mwambie namsalimu, akija Dortmund nitampikia.

Kesho ni Jumamosi ya kuku. Naamka mapema niwe mlangoni wakifungua saa mbili, kabla friza haijamalizwa. Nikirudi nitapiga video, mwiteni Mama akae karibu, nataka anitazamie yale mafuta ya njano aniambie kama moto niupunguze au bado.