Krismasi Lamu: kabla ya kununua kuku, tafuta wa kumchinja

Mtihani wa kidato cha nne ukishamalizika, sisi walimu wa bara tulioko Lamu hugawanyika mafungu mawili. Kuna wanaokimbilia boti ya kwanza ya kuvuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya kisiwa, begi mgongoni, na kuna sisi tunaobaki. Nimebaki mara kadhaa sasa, mara ya kwanza kwa kukosa nauli na mara nyingine zote kwa kupenda mwenyewe. Shuleni kwetu tumepata walimu wageni, na wameshaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama watu waulizao habari ya mkopo: "Mwalimu, hapa Krismasi huwa inakuwaje?" Nimeona niandike mara moja, nisirudie maneno yale yale jikoni, kibarazani na kwenye simu.

Jambo la kwanza ni safari, nalo nalimaliza upesi. Kwetu ni Kakamega. Kutoka huko hadi hapa ni basi la Nairobi, la pili la Mombasa, la tatu linalopita Malindi na Garsen hadi Mokowe, kisha boti. Ni siku mbili, na hapo mambo yakienda sawa. Mwaka 2015, mwaka wangu wa kwanza, barabara kutoka Garsen ilikuwa vumbi tupu na mabasi yalikwenda kwa msafara wenye askari. Siku hizi kuna lami, lakini nauli ya Desemba haijui lami. Kama unakwenda, kata tiketi mapema Novemba. Kama katikati ya Desemba bado unahesabu noti, baki. Hela hiyo utaishukuru Januari.

Ukibaki, ujue Lamu mjini hakuna kitakachokukumbusha sikukuu. Hakuna duka lenye miti ya taa, hakuna redio ya jirani inayopiga nyimbo za Krismasi tangu Novemba. Ukienda Shela, kijiji cha hapa hapa kisiwani, utakuta hoteli zimejaa wageni na mapambo yao, lakini hiyo ni Krismasi ya wenye pesa za kigeni, si yako wewe mwalimu. Mtaani ni joto la kaskazi, maembe kila pembe, punda wamebeba mchanga, na watu wanaendelea na shughuli zao. Siku ya kwanza unaweza kudhani umesahauliwa na dunia. Mimi nilidhani hivyo.

Tena nilikuwa na aibu nyingine. Nililetwa kufundisha Kiswahili. Mluhya, kuwafundisha Waamu Kiswahili! Wiki ya kwanza mtoto wa mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akaniita, "Mwalimu, ndoo!" Nikaingia bafuni, nikatoka na ndoo, nikampa. Akaitazama, akanitazama, akaiweka chini kwa adabu na kurudia, "Ndoo ule." Ndipo nikatambua kwamba ndoo yao ndiyo njoo yetu, na kwamba chakula kilikuwa kinapoa. Hadithi hiyo ilifika shuleni kabla yangu.

Sasa Krismasi ya 2015. Iliangukia Ijumaa, na wiki hiyo hiyo ilikuwa na tarehe kumi na mbili ya Mfungo Sita katika kalenda ya Kiislamu, yaani kuzaliwa kwa Mtume. Yale Maulidi makubwa ya msikiti wa Riyadha, yanayoleta wageni kutoka pwani nzima, huja baadaye, mwisho wa Mfungo Sita, lakini misikiti ya mitaani ilikuwa imeshaanza kusoma. Usiku wa mkesha nililala chumba cha juu, dirisha wazi, nikisikiliza kasida na matari badala ya kwaya ya kwetu. Nikalia kidogo. Asubuhi nikaamua nitafanya sikukuu kwa nguvu.

Mtu wa Kakamega na kuku, hilo halihitaji maelezo. Nilinunua jogoo wa kienyeji sokoni karibu na ngome, nikamchinja mwenyewe kule nyuma, nikamnyonyoa, nikampika kwa viungo vyote nilivyokuwa navyo. Kitunguu kikaniishia, na hapo nikajifunza somo la Ijumaa: nilishuka saa sita nikakuta maduka yamefungwa, watu wamekwenda kuswali. Nikapika bila. Kisha nikapakua sahani nzuri, kidari juu, nikashuka nayo kwa mama mwenye nyumba. Aliipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Mola akuzidishie." Nikapanda ngazi nikijiona nimefaulu.

Kesho yake alfajiri nilipotoka kutafuta mahamri, nikawakuta paka watatu chini ya baraza wakigombania mfupa. Paka wa Lamu wanakula vizuri, lakini si pilipili manga. Kidari changu nilikitambua.

Nilikasirika siku nzima. Jioni sahani yangu ikarudishwa na yule mtoto, imefunikwa kitambaa, ndani mahamri na mbaazi za nazi. Mama hakusema neno juu ya kuku, wala hakuirudisha sahani tupu. Ilibidi nimngoje mwalimu mwenzangu, anayefundisha dini ya Kiislamu, anifumbue macho shule zilipofunguliwa. Aliuliza swali moja tu: "Alichinjwa na nani?" Nikamwambia, mimi mwenyewe. Akacheka hadi akakaa chini. Akanieleza kwamba wenye elimu wana maelezo yao marefu juu ya nyama ya Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na sisi Wakristo, lakini mama wa nyumbani Lamu hataki maelezo marefu. Anataka kujua nani alishika kisu na kama alitaja jina la Mungu. Asipojua, nyama hiyo haili, wala hakuvunji moyo kwa kukuambia. Angefanya nini mtu mwungwana? Kukurudishia?

Mwaka uliofuata nikaanza na kisu. Tarehe 24 nilimwomba kijana mkubwa wa nyumba ile anichinjie kuku watatu. Alikuja na kisu chake, akamwelekeza kila kuku kibla, akapiga bismillahi, kazi ikaisha kabla maji hayajachemka. Nikamuuliza mama kama naweza kuazima sufuria yake kubwa. Nilijua jibu la swali hilo lingetatua na jambo la pili, maana sufuria yangu haijui nguruwe, lakini yeye angejuaje?

Sufuria ilikuja, na mama mwenyewe akaifuata. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akaanza kukuna nazi, na kila nilipotaka kumwaga mchele akasema, "Ngoja. Kitunguu hakijawa." Kwetu kitunguu kikilainika basi. Kumbe pilau rangi yake yote hutoka hapo. Kitunguu lazima kiive hadi kiwe hudhurungi, karibu kuungua, ndipo viungo viingie. Tulipakua kwenye sinia, tukatandika mkeka juu kwenye paa, wanawake na watoto tukala kwa mkono, sinia ya wanaume ikapelekwa chini. Watoto wakaniuliza kama leo ni Idi yetu, nikasema ndiyo. Basi mkono wa Idi uko wapi? Nikatoa sarafu. Tangu hapo kila tarehe 25 nina foleni ya watoto mlangoni, wengine siwajui hata mitaa yao, kwa hivyo wewe mgeni jiwekee chenji.

Usitazamie kila mtu akupongeze. Kuna watakaosema "Krismasi njema, mwalimu" kutoka upande wa pili wa kichochoro, na kuna ambao dini yao, jinsi walivyofundishwa, haiwaruhusu kutamka hivyo. Hao hao wanaweza kukuletea samaki. Mimi nilipoteza Desemba moja nzima nikipima nani kanipongeza na nani hakunipongeza, na ulikuwa upuuzi. Pokea samaki.

Kanisa lipo mjini, na misa ya mkesha huwa na watu wachache wanaofahamiana wote: manesi, askari, walimu, mafundi. Uliza saa mapema kwa sababu haifanani na ya kwenu. Msitegemee usiku wa manane. Ukitaka kanisa lililojaa, ngoma na kwaya zenye sare, panda boti, uende Mpeketoni kwa mwalimu mwenzio na ulale huko. Niliwahi kufikiri nitarudi usiku uo huo, nikaishia kwenye gati la Mokowe nikigombana na mbu.

Mengine mafupi. Spika weka chini, na adhana ikianza zima kabisa, hata kama wimbo ndio umefika pale unapoupenda. Pombe usiilete kwenye nyumba ya kupanga, hata iliyofichwa kwenye mfuko mweusi. Mfuko mweusi ndio unaotazamwa zaidi. Dada zangu, baibui si lazima, dera na mtandio vinatosha, na Krismasi ni sababu nzuri ya kununua leso mpya. Sahani ya mtu ikija kwako usiirudishe bila kitu, hata kama ni embe moja. Na kama kuna msiba mtaani siku hiyo, sikukuu yako isogeze mbele, uende ukakae na wafiwa. Mimi imenitokea, na kuku alikaa kwa jirani mwenye friji hadi tarehe 27.

Kwa wanaopenda kupanga mbali: mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wetu kwa siku kama kumi na moja, kwa hivyo sikukuu zao hurudi nyuma kila mwaka. Wazee hapa wanakumbuka Krismasi za 1998 hadi 2000, zilizokuwa ndani ya Ramadhani. Zamu hiyo inarudi. Mwaka 2030 mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama siku moja hivi baada ya Krismasi, na mwaka 2031 na 2032 tarehe 25 Desemba itakuwa katikati ya mfungo. Nimeshamwambia mama mwenye nyumba kwamba miaka hiyo pilau yetu italiwa magharibi, baada ya tende na uji. Akasema miaka hiyo itakuwa zamu yangu kukuna nazi.

Iliyo karibu zaidi ni Krismasi ya 2026, nayo ni Ijumaa tena. Kitunguu nitanunua Alhamisi. Kijana wa kisu siku hizi ana boti yake ya abiria na mwezi huo hashikiki, kwa hivyo nimemwekea nafasi tangu sasa. Aliniuliza kuku wangapi. Nikamwambia watano, mmoja wa paka.