Nguru wa kikaangoni na mchuzi wa tui

Dada yangu, umeuliza namna ya kupika vipande vya nguru hapo Tanga jioni utokapo kazini, bila samaki kuvunjika wala tui kukatika. Kinachomvunja samaki mara nyingi ni maji: ukishamtia ndimu na chumvi, mfute kwa kitambaa safi hadi akauke, mweke kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto, na usimguse kwa dakika 3 au 4, kwani akishashika rangi ya kahawia huachia kikaango mwenyewe. Mgeuze mara moja tu, kisha mtoe.

Tafadhali usioshe kikaango, maana utamu wote uko pale chini. Punguza mafuta, kaanga kitunguu, thomu na bizari kidogo, halafu mimina maji ya ukwaju huku ukikwangua kwa mwiko mpaka yale yaliyoganda yaachie yote. Ukwaju uchemke kwanza ndipo utie tui zito, kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, kwa sababu tui likitokota kwa nguvu hujitenga na mafuta yake. Mrudishe samaki kwa dakika 2, ukimmwagia mchuzi juu. Wali ndio wake hasa, lakini kwa haraka uliyonayo boflo litatosha.