Barua hazimfikii mwanangu

SWALI: Mwanangu anafanya kazi Eldoret. Baadhi ya barua ninazomwandikia hazifiki. Nakosea wapi? – Mama, Kayole

JIBU: Pole, mama. Tunashuku anwani. Barua hupelekwa kwenye sanduku la posta, si mlangoni, hivyo jina la mtaa halitoshi. Andika jina lake, S.L.P. na namba, kisha 30100 Eldoret. Akitumia sanduku la mwajiri, taja pia kampuni, la sivyo karani hatajua ampe nani. Anwani yako iwe nyuma ya bahasha, irudishwe ikikwama. Karatasi tatu za A4 na bahasha hukaribia gramu 20. Ada hutegemea uzito, hivyo karatasi zikizidi, barua ipimwe kaunta kabla ya kubandika stempu. Tena zipe barua namba: akipokea ya 4 na ya 6, mtajua ipi imepotea.